Kengele na Kinanda

Ukitaka kumjua mwanamke aliyeshikwa na wivu, usimtazame usoni. Mtazame anavyokoroga chai. Asubuhi ile, katika chumba cha mapokezi cha ofisi ya wilaya, Kengele alikoroga chai yake mpaka sukari ikayeyuka, ikasahaulika, na bado kijiko kinagonga kikombe.

Mbele ya meza yake alisimama mzee aliyekuja kulalamika. Ng'ombe wake alikamatwa akila miche ya miti ya serikali, akafungwa nyuma ya ghala. Mzee alisema ng'ombe hana kosa. Miche ndiyo iliyopandwa kwenye njia ya ng'ombe.

"Wewe si ndiye wa spika?" mzee akamuuliza.

Kengele akaacha kukoroga. "Ndiye mimi, baba."

Mzee akamkazia macho, kisha akatikisa kichwa. "Aa, siye. Yule wa spika sauti yake kama maji ya mtungini. Yule Kinanda. Nilitaka anisemee kwa wakubwa, labda wangemwonea aibu."

"Kinanda ni mdogo wangu. Tumbo moja."

"Basi una bahati, mwanangu," mzee akasema, akaenda kukaa kwenye benchi la barazani pamoja na wenzake waliokuja na mashtaka ya mipaka, ya bomba na ya paa la shule.

Bahati! Kengele akainywa chai yote kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza.

Kazi ya Kengele ilikuwa kuwa mdomo wa wilaya. Wakubwa walikaa vikaoni wakaamua mambo: maji yafungwe bomba lisafishwe, daraja la mbao libadilishwe, wananchi waje watoe maoni juu ya bajeti. Lakini uamuzi uliokaa kwenye karatasi haumfikii mtu aliyeinama shambani. Hapo ndipo Kengele alipopanda pikapu nyeupe yenye spika mbili juu ya paa, zimesimama kama masikio ya punda, akashika kipaza sauti na kuyamenya maneno ya ofisini mpaka yakalika. Wao waliandika "kutakuwa na usitishaji wa muda wa huduma." Yeye alisema, "Jamani, kesho hakuna maji. Tekeni leo, msije mkanililia!" Sauti yake ilikuwa kavu na kali, ilikata bonde ikatokea ng'ambo. Ndiyo maana wakamwita Kengele, naye jina akalipenda, akalivaa kama kitenge cha sikukuu.

Kisha kikaja kiangazi cha vumbi, koo likamkauka, muuguzi akamwamuru anyamaze. Aliyemshika mkono mdogo wake na kumpeleka ofisini ni yeye mwenyewe. Hakusukumwa na mtu. Alimpeleka kwa Bwana Utawala, mkuu wa shughuli zote za pale, akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Huyu atanishikia kidogo." Mama yao alipofariki, Kengele ndiye aliyembeba mdogo wake huyu mgongoni. Maneno ya kwanza alimfundisha yeye. Nani angedhani kinywa ulichokilisha uji ndicho kitakachokunyang'anya kazi?

Maana koo lilipopona, watu walikuwa wameshapata jina jipya la kuita. Kinanda. Akinamama walitoka majikoni na miko mikononi kumsikiliza anavyotangaza dawa ya minyoo, utadhani anaimba harusini. Bwana Utawala alikuwa mtu asiyemkatalia mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyewahi kupata kitu kwake. Akawaambia wagawane: Kinanda atangaze milimani, Kengele bondeni.

"Lakini nafasi ya kudumu ni moja," akasema. "Nimeruhusiwa kuajiri. Tumalize kwanza chanjo ya mifugo, nione watu wanamsikiliza nani."

Tangu siku hiyo Kengele hakulala vizuri. Kila sifa ya mdogo wake aliisikia kama mtu anasaga meno sikioni mwake.

Basi, mzee wa ng'ombe alipokwisha kutoka, akaingia kijana mmoja aliyevimba macho. Alikuwa ametoka milimani kuomba kibali cha mazishi. Baba yake amefariki, akasema, na watamzika kesho asubuhi, nyumbani kwao pale kwenye kona, ukishapita kinu.

"Poleni sana," Kengele akamwambia, na pole ilikuwa ya kweli. Akamwelekeza chumba cha vibali.

Sasa, watu wa spika wana sheria yao, hata kama haikuandikwa popote. Penye msiba, spika huzimwa mbali. Gari huachwa njiani, mtangazaji hushuka kwa miguu, hutoa pole kwanza, kisha husema habari yake kwa sauti ya chini, mtu mmoja mmoja. Kengele ndiye aliyemfundisha Kinanda sheria hiyo. Na kwa kuwa habari zote za wilaya hupita pale mapokezi, alipokaa Kengele asipokuwa kwenye gari, Kinanda hakuondoka hata siku moja bila kumuuliza dada yake.

Mchana ule daktari wa mifugo akaja mbio, jasho linamchuruzika. Friji ya chanjo imeharibika. Dawa isipotumika kesho, imekwenda na maji. "Watu watangaziwe asubuhi, mchana ng'ombe wawe joshoni!"

Kulipokucha, dereva alikuwa ameshawasha pikapu. Kinanda alisimama karibu na mlango, anajifunga kilemba, anapasha koo moto kwa kuguna.

"Dada, huko milimani kuna la kuangalia?"

Kengele alikuwa anafuta meza. Aliendelea kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Hakuna. Nenda tu." Halafu ulimi ukaongeza wenyewe, "Na ongeza sauti. Kule kuna upepo."

"Asante, dada."

Pikapu ikatoka, na sauti ile ikaanza kumiminika hata kabla ya kufika lami: "Wafugaji wapendwa, habari za asubuhi..." Wafugaji wapendwa! Nani alimfundisha kuwabembeleza wafugaji?

Kengele alibaki kusubiri gari lirudi ili naye aende bondeni. Wakampa kazi ya kupanga viti ukumbini. Akavipanga, akavipangua. Alijiambia hataki mabaya makubwa. Alitaka wamzomee kidogo tu. Alitaka waseme, "Yule Kengele alikuwa na adabu zake." Wivu haukuombi nyumba nzima. Unaomba mahali pa kukalia tu, na ukishakaa unanyoosha miguu. Mara moja alitoa simu akaitafuta namba ya dereva. Kule juu mtandao ni mbovu, akajiambia, akairudisha simu bila kupiga.

Pikapu ilirudi jua likiwa limepanda. Nyuma alikuwa amekaa mzee mwenye koti jeusi. Kinanda alishuka akiwa na udongo mwekundu magotini.

"Kulikoni?" Kengele akauliza, na moyo ukamruka kwa hofu na furaha, hata asijue kipi ni kipi.

Dereva ndiye aliyesimulia, kwa maana dereva hajawahi kuacha hadithi ipoe. "Mama wee! Tumekata kona ya kinuni, spika imefunguliwa mpaka mwisho, huyu anaimba, 'Leteni ng'ombe, leteni na ndama!' Kumbe watu wako kaburini, wameinamisha vichwa, sala! Vijana wakaja na majembe. Mimi nikasema leo ndiyo leo, nikatafuta gia ya kurudi nyuma, siioni!"

"Wakawapiga?"

"Watupige? Huyu kafungua mlango, karuka, kapiga magoti kwenye udongo mbele ya mjane. Analia kuliko wafiwa! Mpaka mjane akaanza kumbembeleza yeye. Halafu unajua nini? Watu wa nyuma walikuwa hawasikii wasifu wa marehemu. Wakamwomba ausome kwenye spika. Kausoma, mlima mzima kimya. Hata mimi nimelia, na simjui marehemu."

Kengele alikuwa amemchimbia mdogo wake shimo, na watu wamempandisha humo kama jukwaani.

Mzee wa koti jeusi alikuwa kaka wa marehemu. Alitaka kuonana na Bwana Utawala, wakaingia wote. Aliomba ng'ombe wa kwao wangojewe mpaka jioni, watu wamalize mambo ya msiba kwanza. Daktari wa mifugo akakubali. Kisha mzee akasema, "Huyu binti amelelewa. Ila ofisini kwenu kuna mtu msahaulifu. Kijana wetu jana alisema habari za mazishi hapa hapa, mapokezi. Akapewa na pole."

Bwana Utawala akauliza, "Alimwambia nani?"

Kinanda akageuka. Akamtazama dada yake, na Kengele akashindwa kuinua macho. Watu waliolala kitanda kimoja utotoni husomana hata migongo.

"Mimi," Kinanda akasema. "Niliambiwa mimi, baba. Nikapitiwa. Mnisamehe."

"Tulishakusamehe kulekule," mzee akasema.

Bwana Utawala akacheka kwa mara ya kwanza mwaka ule. "Wenzako wakikosea tunaletewa mashtaka. Wewe ukikosea tunaletewa shukrani. Basi, niangalie nini tena? Kazi ni yako." Akamgeukia Kengele, na uso wake ulikuwa mwema, jambo lililouma zaidi. "Na wewe hatukutupi, mama. Njia zote unazijua. Utapanda naye gari, umwelekeze asije akapitiwa tena."

Jioni nyumbani, Kinanda alipika, akapakua, akasogeza sahani. Hakusema "karibu, dada" kama siku zote.

"Kwa nini umenifichia?" Kengele akauliza mwishowe.

"Ningesema nini mbele ya wageni? Kwamba dada yangu alinipeleka kaburini kwa spika?" Sauti ile ilikuwa imekauka, haina maji ya mtungini tena. "Ungeniambia unaitaka kazi yako, ningekuachia. Neno moja tu."

"Nani kakuomba unionee huruma?"

"Hakuna. Kula, chakula kinapoa."

Kengele alikula akiwa na hasira, na hasira yenyewe alijua si ya haki. Hata uongo wa mdogo wake, alifikiri, ulikuwa mzuri kuliko ukweli wake yeye. Hilo nalo alimwonea wivu.

Wiki iliyofuata walitumwa kutangaza mkutano wa bajeti. Walikaa watatu mbele: dereva kwenye usukani, Kinanda dirishani na kipaza sauti, Kengele katikati, magoti yamebanwa na gia. Kila watu walipopunga mikono, walimpungia wa dirishani. Kengele alitazama mbele, akajiuma shavu kwa ndani.

Walipokaribia shule ya zamani, akakumbuka jambo alilolisikia mapokezi. Safari hii hakusubiri kuulizwa.

"Nyumba ya bati la kijani, ukishapita shule," akasema, "kuna mama kajifungua juzi kwa shida. Bado hajiwezi. Zimeni pale."

Alisema kweli tupu. Akangoja kusikia "asante, dada."

Kinanda akamgusa dereva begani kwa kupitisha mkono nyuma ya shingo ya Kengele. "Simama hapo kwa yule mama."

Kando ya njia palikuwa na mwanamke aliyejitwika kuni. Kinanda akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, mama. Samahani, huko mbele kuna msiba au mgonjwa? Tusije tukawapigia kelele."

"Marahaba, mwanangu. Msiba hakuna. Ila nyumba ya bati la kijani kuna mzazi, hali yake si nzuri. Mkipita pale mpite kimya."

"Asante sana, mama."

Dereva akawatazama dada wawili mmoja baada ya mwingine. "Sasa si ndilo alilokwambia dada yako?"

"Ndilo," Kinanda akasema. "Twende."

Akazima spika. Pikapu ikapita polepole mbele ya bati la kijani, changarawe zikisagika chini ya matairi. Kengele alikaa katikati yao amefumba mdomo. Miaka yote ile alitangaza maji, madaraja na minyoo, na wilaya nzima ikateka maji kwa neno lake, bila mtu kusimamisha gari kwenda kumuuliza mwingine. Walipofika mbali na nyumba ile, Kinanda akafungua spika tena, na watu wakaanza kutoka nje.