Fundi Aliyeitukana Nyumba Yake

Mpango wa Fundi ulikuwa mmoja tu: kuitukana nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, tena mbele ya mthamini.

Hakimu alishakata maneno. Ndoa imekwisha, nyumba ithaminiwe. Kwa kuwa Fundi ndiye aliyeijenga, apewe nafasi ya kwanza: amlipe mwenzake nusu ya bei kutoka akiba yake ya uzeeni, abaki nayo. Akishindwa, nafasi hiyo iende kwa mama watoto, nesi mstaafu ambaye akiba yake ilikuwa imenona kuliko ya Fundi. Bei ikiwa chini, Fundi anabaki kwake. Ikipanda, anafungasha.

"Karibu, bwana," akampokea mthamini mlangoni. "Ila usiegemee ukuta, usije ukakuangukia."

Kila chumba alikitangazia msiba wake. Paa linavuja! Msingi unatitia! Sakafu ya jikoni, yai halitulii! Mthamini, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, aliandika huku akitikisa kichwa kwa huruma. Fundi akaanza kuona raha.

Nesi alikuwa sebuleni, mkoba mapajani, kimya, jambo ambalo lingemtisha yeyote aliyewahi kuishi naye. Walipofika hapo akafungua mdomo.

"Anasema kweli. Ukuta huu umepinda tangu tuhamie."

"Umepinda kidogo," Fundi akasema.

"Kidogo? Ukuta umelewa kabisa. Na hiyo plasta ni kazi ya mtu anayejifunza."

"Nani anajifunza?"

"Mimi sijamtaja mtu, baba watoto."

Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza. Mtu yeyote mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini damu ilishamchemka, na mkono ulishaingia mfukoni kutoa timazi, ule uzi wake wa kupimia kuta, ambayo hata kustaafu hakukuitoa humo.

"Bwana, njoo hapa! Tazama huu uzi! Umeachana na ukuta wapi?"

Akamburura mthamini hadi jikoni, akaweka yai sakafuni, yai likatulia kama limegundishwa. Akapanda ngazi, akafungua dari, akamlazimisha apapase mbao moja moja.

"Zina unyevu? Sema! Hili ndilo paa la kuvuja?"

Mthamini akafuta yote, akaandika upya. Alipotaja bei, Fundi alikuwa bado juu ya ngazi, akitabasamu. Kisha akapiga hesabu ya akiba yake, akashuka polepole, akakaa chini.

"Nitamlipa nusu yake," Nesi akasema. "Yote, mara moja."

Mthamini alipoondoka, Fundi akamtazama. "Umenitega."

"Nimekutega, ndiyo. Miguu inaniuma, sina nguvu za kuhangaika na vyumba vya kupanga."

Fundi alikuwa amepoteza nyumba, na roho ilimuuma, lakini kilichomkereketa zaidi kilikuwa kingine.

"Na ukuta?"

"Ukuta gani? Hakuna ukuta uliopinda humu. Mvua zote hizo nimelala bila wasiwasi, kwa sababu nilijua nani kajenga."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ulikuwa unajisifu mwenyewe, nikaona zamu yangu haifiki."

Fundi alitaka kucheka, akashindwa. Akafikiri kwamba wangeambiana maneno hayo mapema, labda leo wangekuwa bado wanagombania shuka kitandani.