Uyoga wa Basma

Asubuhi moja Basma alipoinama kupuliza makaa, bega lake la kushoto lilikuwa limeota uyoga. Ulikuwa mweupe, mnene, wa kutosha sufuria moja. Jiko la wakwe zake, huko Buyenzi, halikuwa na dirisha, na tangu aolewe na Muadh alishinda humo.

Mama mkwe wake, Bi Hayat, aliuminya kwa vidole.

"Usiuloweke mu maji," alisema. "Pangusa na kitambaa, kisha kaanga mupaka maji yake ikauke."

Basma aliukaanga kwa kitunguu, nyanya na mawese kidogo, akaupakua na bugali. Daktari alikuwa amemkataza Bi Hayat nyama nyekundu kwa ajili ya sukari, na uyoga ulimshibisha vizuri. Mwezi haukuisha, sukari ikashuka. Muadh akapungua tumbo. Basma naye alipungua, ila yeye hakuwa na tumbo. Kila siku walimchuma kabla ya chai, na uyoga ukaenea mgongoni.

Siku moja alijipakulia sahani.

"We unakula ya nini?" Muadh aliuliza. "Si unao ku mwili?"

Basma akaurudisha kwenye sufuria, akala bugali na mchuzi wa maharage.

Alipojaribu kukaa uani aote jua, Bi Hayat alimrudisha ndani kwa upole, akamfunika gunia lililoloweshwa. "Jua itaukausha, mutoto wangu."

Habari zikafika Carama, kwa Mama Siti, aliyemzaa Basma. Alikuja, akafunua gunia, akaona mbavu za mwanawe.

"Mi naenda naye nyumbani," alisema. "Mutoto anaisha."

"Kula kwanza, dada," Bi Hayat akajibu.

Mama Siti alikula, kisha akaongeza. Magoti yaliyomtesa miaka yote yakanyamaza. Alipoinuka mkekani hakushika ukuta.

Basma alikuwa amekwisha kufunga nguo zake ndani ya kitenge, amesimama mlangoni. Mama yake akamtazama, kisha akatazama sufuria.

"Vumilia, mwana wangu," alisema. "Ndoa iko hivyo."

Akaomba mfuko, akaanza kuchuma, akichagua ule laini wa karibu na shingo. Basma akainamisha kichwa ili mama yake afikie vizuri.