Mtaro Kati ya Inkeri

Inkeri za marehemu, yale matunda mekundu ya miiba, zilikuwa zimegeuka kichaka. Illuminée, mjane wa mtaa wa Kagugu, hakuzigusa tangu amzike mumewe, miaka minne sasa. Ndipo akaja Nduwayo, mkimbizi Mrundi aliyewahi kutunza bustani ya mapadri kwao Ngozi, akaomba azifufue, wagawane mavuno nusu kwa nusu.

Alikubali, lakini jicho hakuliondoa kwake. Mwaka ule wa 1991, vita vya waasi vikiwa mpakani, nani alimwamini nani? Jirani yake Mugenzi alichimba shimo la kuivishia ndizi za pombe, kama kila mtu. Wakaja watu wakasema ni shimo la bunduki, wakaondoka naye. Mpaka wakati huo mkewe alikuwa akipeleka chakula gerezani.

Siku ya kwanza Nduwayo alikata fimbo zote za zamani za inkeri mpaka chini. Illuminée akauliza mbona anamaliza mali ya marehemu. Akajibiwa kwamba fimbo ikishazaa imemaliza kazi yake, itazaa ile changa. Hilo alilimeza nusu. Siku ya tatu akaenda sokoni, na aliporudi akakuta Nduwayo amechimba mtaro kati ya mistari na ameshaufukia.

"Usiufukue, Mama. Hata kidogo," alisema akinawa mikono.

Illuminée akakumbuka shimo la Mugenzi.

Jumapili, Nduwayo akiwa misa ya kwanza, Illuminée, ambaye misa hiyo hakuwahi kuikosa, alibaki. Akachukua jembe, akachimba haraka huku akimwomba Bikira Maria asikutane na chuma. Akakuta samadi, majivu, migomba iliyokatwakatwa. Akaendelea mpaka mwisho wa mtaro. Chuma hakuna. Alipogeuka ndipo akaona alichokuwa akitupa pembeni: vipande vya mizizi ya inkeri, kila kimoja na kichipukizi cheupe, vingi jembe limevikata.

Nduwayo alimkuta hapo, bado amevaa koti la Jumapili. Hakugomba. Alitazama mtaro, akatazama barabara.

"Mama, nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Iko mtu. Wewe huwezi kuacha misa kwa ajili ya samadi."

Illuminée akasema ukweli, kwamba aliogopa bunduki. Kwa mkimbizi asiye na karatasi, neno hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Nduwayo akaaga kwa heshima, akasema atapita Jumatatu.

Hakupita Jumatatu, wala Jumanne. Jumatano Illuminée akapiga magoti, akavirudisha vipande vizima, kumi na viwili tu, akikisia kina kwa vidole. Alikuwa anafukia cha mwisho alipoona viatu ukingoni mwa shamba. Mwenye viatu alikuwa mkuu wa mtaa, na macho yake yalikuwa kwenye udongo mbichi.

"Umechimbiwa na nani hapa, mama?"

Jina la Nduwayo lilikuwa tayari ulimini. Kulitaja tu, na yeye Illuminée angekuwa salama.

"Nimechimba mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Ni inkeri. Chukua jembe, ufukue uone."

Yule mtu akalitazama jembe, akanyoosha mkono, na Illuminée akampa.