Flashi Iliyofuliwa

Flashi ilifuliwa asubuhi. Ilikuwa mfukoni mwa aproni, aproni ikaingia kwenye beseni, na Mama Kadi akaikamua kwa nguvu zake zote kabla hajahisi kitu kigumu kikimchoma kiganja. Akaianika kambani kwa kibanio, katikati ya soksi za mumewe, akiomba jua liirudishie fahamu. Wapi! Ilikauka, ikang'aa, na ikabaki maiti.

Balaa kweli, maana nyumba hiyo ilikula na kuvaa kwa kadi. Mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alizichora kwenye laptopu yake katika chumba cha nyuma. Mama Kadi alizichapa sebuleni, kwenye kompyuta kubwa iliyoungwa na printa kongwe yenye kiburi, isiyomtii mwingine ila kompyuta hiyo. Tangu mkwe aje, mwaka mzima sasa, mjumbe kati ya vyumba hivyo viwili alikuwa flashi. Na jioni hiyo kinyozi wa mtaani angekuja kuchukua kadi za harusi yake.

Lakini si kinyozi aliyemkosesha Mama Kadi raha. Mkwe, ambaye wote walimwita Bi Harusi tangu siku aliyoingia na jina likamganda, alikuwa anakwenda kwao keshokutwa. "Kusalimia tu, mama," alisema. Kumbe juzi, Mama Kadi akifagia chumba cha nyuma, ufagio uligonga sanduku chini ya kitanda, kifuniko kikafunguka. Magauni yote humo, vitana humo, viatu humo. Upande wake wa kabati ulikuwa mtupu, vining'inizo vitupu. Mtu anayekwenda kusalimia huacha japo kandambili. Huyu haachi kitu. Mwanawe alikuwa safarini na lori lake, na mama mtu hakujua amwambie nini. Akarudisha kifuniko, akaendelea kufagia.

"Samahani mama, naomba kuingia," Bi Harusi alisema kwenye mlango wa sebule, mlango ukiwa wazi. Ndivyo alivyosema kila siku.

"Ingia mwanangu. Nimeua flashi."

"Imekufa kabisa?"

"Kabisa. Lakini imekufa safi."

Bi Harusi alicheka akiwa ameziba mdomo. "Hakuna neno, mama. Kompyuta zote mbili zinatumia ruta moja. Hata kama bando limeisha, ruta inaweza kuzikutanisha zenyewe kwa zenyewe. Nitaweka kadi kwenye folda ya pamoja, wewe utaifungua ukiwa hapo hapo ulipo."

"Kwanza kabisa," ikadakia sauti kutoka kochini, "nani amekaza nati za hicho kidude?" Huyo alikuwa mume wa Mama Kadi, dereva mstaafu, aliyeitwa Babu Nati kwa kuwa hakuna ugonjwa wa dunia hii ambao hakuutafutia spana.

"Hakina nati, baba."

"Basi ndiyo maana kinasumbua."

Duka la vifaa vya simu lilikuwa ng'ambo ya barabara, flashi zikining'inia dirishani kama vitumbua vya plastiki. Mama Kadi alilijua vizuri. Hakulitaja. Alasiri za kukaa na mtoto huyu zilikuwa zinamwishia, ya nini kuifupisha hii?

Bi Harusi alileta laptopu, akaiweka mezani kando ya kompyuta kubwa. Akazima ruta, akaiwasha. Akazima kompyuta zote mbili, akaziwasha. Akaangalia ruhusa za folda: folda ilikuwa wazi kwa kila mtu. Laptopu iliiona kompyuta ya sebuleni bila taabu. Lakini kompyuta ya sebuleni, kila ilipotafuta majirani zake, ilijikuta peke yake.

"Kitendawili!" Mama Kadi akasema.

"Tega," Bi Harusi akaitika kwa sauti ndogo.

"Dada wawili nyumba moja. Mmoja anamwona mwenzie, mwingine haoni mtu."

"Sijui, mama."

"Hata kubahatisha?"

"Sijui, mama."

Lakini midomo yake ilikuwa imeshaanza kutamka. Ilikuwa hivyo kila mara. Mama Kadi alimtegea vitendawili akikata kadi, akimenya viazi, akianua nguo, na kila mara jibu lilifika mdomoni mwa binti likarudi ndani, kwa adabu. Laiti angemshinda hata kimoja! Laiti angemcheka!

Chai ikaja. Babu Nati akapewa kikombe chake cha bati kilichobanduka rangi, Mama Kadi akachukua chake, cha bati vilevile. Bi Harusi akapewa kikombe cha kaure chenye mstari wa dhahabu, juu ya kisosi chake, kile cha kabati la vioo. Ndicho alichonywea tangu afike. Alikishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshikishwa yai la jirani.

Alipokiweka chini aliingia tena kwenye mipangilio, akafungua ukurasa mmoja, akafungua mwingine. Kisha akaacha kubonyeza.

"Umeona nini?"

Bi Harusi akausoma ukurasa upya.

"Mwanangu, kimeharibika?"

"Hakijaharibika, mama." Alizungumza akitazama kioo cha laptopu. "Kompyuta ikiunganishwa mara ya kwanza na mtandao mpya, inauliza. Inauliza kama hapa ni nyumbani, au ni mahali pa watu wote, kama stesheni. Ukisema ni nyumbani, inajionyesha kwa wenzake. Ukisema ni mahali pa watu wote, inajificha."

"Yako ilisemaje?"

"Yangu haikusema, mama. Mimi ndiye niliyesema." Akafuta kitu kwenye shavu kwa mgongo wa mkono. "Wiki ile ya kwanza. Iliponiuliza kama hapa ni nyumbani, niliona haya. Nilisema moyoni, ngoja kwanza nikaribishwe, nitakuja kubadilisha. Mpaka leo kikombe changu ni cha wageni."

Mama Kadi alihisi mtu amemwagia chai kifuani. Kikombe kile alikinunua ujanani, hakuwahi kukinywea yeye mwenyewe. Alimpa mtoto kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, na kumbe kila asubuhi alikuwa anamwambia: wewe unapita.

"Na sanduku? Nililiona. Umefungasha vyote."

"Sijafungasha, mama." Bi Harusi aligeuka kwa mshangao. "Sijawahi kuvihamishia kabatini."

Babu Nati, ambaye hakuna aliyemwona akitoka, aliingia akihema. "Haya! Flashi hii hapa, mpya, duka lipo hapo mlangoni. Watu wazima wawili, mnahangaika kutwa nzima! Hamkuliona?"

Mama Kadi akatazama dari. Bi Harusi akatazama sakafu.

"Nililiona," Bi Harusi akasema taratibu.

"Hata mimi," akasema Mama Kadi.

Wakatazamana, kicheko kikawapasuka wote wawili kwa pamoja. Babu Nati akasimama na flashi yake mkononi, akiwatazama kama injini iliyowaka bila ufunguo.

Bi Harusi aliivuta laptopu karibu. Akabonyeza mara moja. Kwenye kompyuta ya sebuleni likatokea jina la laptopu, ambalo halijawahi kuonekana humo, na chini yake folda, na ndani ya folda kadi za kinyozi, na majina ya maharusi kwa herufi zilizoshikana kama mkufu. Printa ikakohoa, ikaanza kazi.

"Kitendawili!" Bi Harusi akapaza sauti.

Mama Kadi aligeuka upesi, karatasi zikamdondoka. "Tega!"

"Nimesimama mlangoni mwaka mzima, na ufunguo ninao mkononi."

Jibu hata mtoto wa jana angelijua. Mama Kadi akakuna kichwa, akakunja uso, akatikisa kichwa. "Nimeshindwa. Nikupe mji gani?" Maana anayeshindwa hutoa mji, ndipo atobolewe jibu.

"Miji siitaki, mama. Nipe nyumba hii."

"Chukua," Mama Kadi akasema. "Chukua na babu yake ndani, na nati zake zote."

Binti akanyoosha mkono, akachukua kikombe cha bati cha Mama Kadi, akanywa chai iliyobaki hadi mwisho.

Keshokutwa yake alisafiri na kifuko kidogo cha begani. Alipokwisha kupinda kona, Mama Kadi aliingia chumba cha nyuma bila kujizuia, akafungua kabati. Magauni yalikuwa yamejipanga kwenye vining'inizo, na chini yake, kandambili.