Kisima Kilichong'aa

Nkuba alichimba kisima kile kwa sababu ya nyonga ya mkewe. Tangu watoke Maswa na ng'ombe wao na kuteremkia tambarare za Usangu, mguu wa kushoto wa Kashindye ulikuwa ukimsumbua, na kutoka kwao hadi mtoni palikuwa na mwendo wa kumtoa jasho hata kijana. Alirudi akichechemea na debe kichwani, na akifika uani alishika kwanza nguzo ya jiko, akavuta pumzi, ndipo akalitua. Hakulalamika. Nkuba ndiye aliyeshindwa kuvumilia kumtazama.

Basi kiangazi cha mwaka 1974, wanaume wenzake walipokuwa wakipumzika baada ya mavuno, yeye alishika sururu. Alichagua bonde dogo nyuma ya zizi, mahali ambapo nyasi zilibaki kijani hata jua likiwaka vipi. Kashindye aliketi juu ya gogo ukingoni, akivuta udongo kwa kamba na ndoo. Walizungumza kutwa nzima, mmoja shimoni, mwingine juani, juu ya binti yao Limbu aliyeolewa kule Maswa, juu ya ndama, juu ya mvua.

"Baba Limbu, udongo ukikufukia huko mimi nitamwambia nani?"

"Waambie ng'ombe. Wao ndio watakaonililia."

"Na mimi je?"

"Wewe utafurahi. Utaolewa na mwenye kisima kilichokwisha."

Alimtupia kibonge cha udongo mgongoni, nao wakacheka.

Maji yalitokea polepole, yakiwa na rangi ya chai. Waliyaacha yatulie. Asubuhi yake Nkuba alipochungulia alikuta utando umetanda juu yake, unang'aa zambarau na kijani na dhahabu kama shingo ya njiwa. Alimwita jirani yake, Jailos, Msangu aliyewahi kufanya kibarua upande wa Iringa wakati lile bomba la kupeleka mafuta Zambia lilipokuwa likilazwa ardhini. Jailos alipiga magoti, akatazama, akanusa, akatazama tena.

"Mzee Nkuba," alisema kwa sauti ya chini, "haya ni mafuta."

"Ya taa?"

"Yale yenyewe. Ghafi. Yale wanayopigania duniani."

Mwaka ule neno mafuta halikuwa la mchezo. Redio ya Jailos ilikuwa ikieleza kila jioni jinsi bei ilivyopanda huko Uarabuni na jinsi serikali ilivyohangaika kuyalipia. Mabasi ya Mbeya na Iringa yalipita yanapotaka. Dukani mafuta ya taa yalikuwa yakiisha kabla foleni haijafika katikati, na watu walikula mapema ili wasitafute mboga gizani.

"Usiyaguse," Jailos aliagiza. "Wala mama asichote. Mafuta ni sumu. Zungushia miiba mpaka wataalamu waje."

Nkuba alikata miiba, akazungushia. Kashindye alisimama na debe lake tupu, akitazama kazi inavyokwenda.

"Na maji?" aliuliza.

"Subiri kidogo, Mama Limbu. Ikithibitika, nitakujengea nyumba ya bati. Nitakuvutia bomba la maji mpaka jikoni."

"Mpaka jikoni," alirudia Kashindye taratibu. Kisha akaweka kata yake kichwani, akaelekea mtoni.

Wataalamu hawakuja, maana hakuna aliyewaita. Jailos aliahidi kupeleka habari kwa wakubwa, lakini kila alipotaka kusafiri usafiri haukupatikana. Nkuba naye alizidi kuota. Alikuwa akisimama kando ya ile miiba na kujiona akirudi Maswa kwa gari, akimshushia Limbu mablanketi na masufuria. Kashindye aliendelea kwenda mtoni.

Siku moja alirudi amelowa kifua chote, debe limebonyea upande.

"Niliteleza tu," alisema.

Alipojaribu kuketi, uso wake ulikunjamana. Nkuba alipasha samli moto, akamkanda nyonga mpaka vidole vyake vyenyewe vikaanza kuuma. Kashindye alifumba macho. Hakusema neno juu ya kisima, na ukimya huo ulimwingia Nkuba kuliko ugomvi.

"Kesho naenda Uyole," alisema. "Wako watu wanaopima udongo pale kwenye kituo cha kilimo. Hawatashindwa kupima na hiki."

Alijaza chupa ya soda, akaiziba kwa kigunzi cha mahindi. Huko Chimala alipata lori la mpunga, lakini lilikaa kwenye foleni ya petroli mpaka dereva akashuka na kulala chini ya tela. Nkuba alikaa juu ya magunia, chupa imo kifuani ndani ya koti, akiilinda kama mtoto mchanga. Walifika Uyole siku ya pili, baridi ikiuma.

Aliyempokea kwenye chumba cha kupimia udongo alikuwa mwanamke kijana aliyevaa koti jeupe, jina lake Damari, mwenyeji wa hapo hapo Mbeya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimeleta mafuta."

Damari hakucheka. Alimpa kiti, akamsikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kisha aliuliza kama kisima kiko karibu na bomba la Zambia. Nkuba akamwambia kiko mbali kabisa, bomba linapita kule barabarani. Damari akamimina yale maji kwenye bakuli pana, akayaacha yatulie wakati wakinywa chai. Utando ulipojitengeneza tena, alimpa kijiti.

"Choma katikati, baba."

Nkuba alichoma. Utando ulivunjika vipande vipande, kama ganda jembamba la yai, na vile vipande vikabaki vimeachana.

"Mafuta yasingevunjika hivyo," alisema Damari. "Yangekikimbia kijiti halafu yangerudi kuungana. Hiki ni chuma. Udongo wenu una chuma, na kuna vijidudu vinavyokila na kutengeneza utando huu. Nitapima zaidi, lakini sitarajii kuona kingine."

Nkuba alikitazama kijiti mkononi mwake kwa muda mrefu.

"Kwa nini wao wanayo?" aliuliza. "Nasikia kwenye redio. Waarabu, Waajemi. Mungu aliwapendea nini?"

Damari alichukua mkebe wa mbegu za maharage, akamwaga rundo kubwa mezani. "Hii ni Saudia. Hakuna anayeifikia." Akaweka marundo mengine. "Hii Irani. Hii Kuwaiti, nchi ndogo, unaweza kuitia ndani ya mkoa huu wa Mbeya na nafasi ikabaki, lakini akiba yake inaishinda ya Marekani nzima. Hii Iraki. Hizi kidogo ni za Libya na Nijeria, Waafrika wenzetu." Kisha akaonyesha mahali patupu kwenye ubao wa meza. "Na hapa ndipo tulipo sisi."

"Hata punje moja?"

"Hata moja. Huko pwani wanatafuta. Pengine yapo. Lakini katika hesabu hii huwekewi punje kwa sababu ya pengine. Mpaka mtu achimbe, ayakute, ayapime, ajue yanaweza kutolewa. Hiyo ndiyo inaitwa akiba iliyothibitishwa. Na hakuna aliyependelewa, baba. Zamani sana kule palikuwa na bahari, vijidudu vyake vikafa vikazikwa, na juu yake ukakaa mwamba mgumu kama mfuniko wa sufuria. Kwingine mfuniko haukuwepo."

Nkuba alitikisa kichwa polepole. Damari aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha.

"Kwa hiyo mama amekuwa akiyatumia haya?"

"Hapana. Nilimkataza."

"Sasa anachota wapi?"

"Mtoni," Nkuba alijibu. "Ni mbali. Nyonga yake moja ni mbovu. Juzi alianguka." Akasikia maneno yake mwenyewe, jinsi yalivyopangana. "Na kisima nilikichimba kwa ajili yake," alisema.

Damari hakumwambia lolote la kumlaumu. Alimwomba asubiri vipimo, na alipomaliza alikuja kuketi karibu naye. "Maji ni salama, baba. Yana ladha ya msumari tu. Tafuta pipa, tia kokoto chini, mkaa katikati, mchanga juu, uyapitishe humo. Ya kunywa myachemshe kama kawaida. Mama atayapenda."

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Lori alilopata liliishiwa petroli kabla ya Chimala, na Nkuba akamaliza safari kwa miguu, ameinamisha kichwa, akitafuta namna ya kulisema jambo lile. Alikuwa hajaipata alipomwona Kashindye mbele yake kwenye njia ya mtoni, debe kichwani, akipanda ule mwinuko kidogo kidogo.

Alimkimbilia. Alilishusha lile debe, akalitwika kichwani mwake mwenyewe. Maji yakamwagika shingoni, maana hakujua kutembea nayo. Jailos, aliyekuwa akichunga ng'ombe karibu, alibaki ameshika mdomo. Mwanamume mzee, tena mwenye ng'ombe wake, na debe la maji kichwani!

"Baba Limbu, watu wanaona."

"Waone." Alipiga hatua kadhaa. "Si mafuta. Ni chuma kilicho kwenye udongo. Yule binti amesema maji yanafaa. Yalifaa tangu siku ya kwanza."

Alingoja alie au amseme. Kashindye alisimama katikati ya njia, akaweka mkono kifuani.

"Mungu nashukuru," alisema.

"Hukuitaka nyumba ya bati?"

"Niliitaka. Lakini nilikuwa nikijiuliza, yakiwa mafuta kweli, tutakaa wapi? Wangekuja na magari yao, wakatuambia tusogee. Tulihama Maswa. Tukahama tena tuliposogezwa kijijini. Mimi nimechoka kufunga mizigo, Baba Limbu. Nataka nizeeke mahali ninapojua mlango uko wapi."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana," alijibu. "Nikaona niache ufurahi kidogo."

Nkuba alishindwa kumtazama, debe likiwa kichwani. Alinyoosha mkono, akatafuta wa mkewe mpaka akaupata, na hivyo ndivyo walivyofika nyumbani.

Kesho yake aliondoa miiba yote akaichoma moto. Jailos alikuja kuomboleza utajiri uliopotea, akaishia kusaidia kupasua kokoto. Pipa walilipata kwa Wachina waliokuwa wakijenga reli. Maji yalipopita kwenye mchanga na mkaa yalitoka meupe, nayo mvua ilipochelewa mwaka ule, wanawake wa jirani walianza kuja na ndoo zao asubuhi, na Kashindye, ambaye alizoea kwenda mtoni peke yake, akapata watu wa kuzungumza nao hapo hapo uani kwake.

Jioni moja walikaa nje, chakula kimeliwa kungali na mwanga. Kashindye alikuwa akinywa maji kwenye kibuyu.

"Ile nchi ndogo uliyonisimulia," alisema. "Yenye mafuta mengi."

"Kuwaiti."

"Huko wana mito?"

"Nilimuuliza yule binti. Hawana hata mmoja. Wanachota maji ya bahari, wanayapika kwa moto wa mafuta yao mpaka chumvi itoke, ndipo wanakunywa."

Kashindye aliliwaza jambo hilo, huruma ya kweli ikimjaa usoni.

"Masikini," alisema. "Na akina mama wa huko, unadhani wanayachotea mbali?"

Nkuba alipokea kibuyu kutoka mkononi mwake, akanywa yaliyobaki, akasogea ili mkewe apate pa kuegemeza mguu.