Kahawa Iliyochanua

Mwaka wa hamsini na tano, kule juu ya Runyenjes, hakuna aliyetoka kijijini bila ruhusa. Serikali ya mkoloni ilikuwa imewakusanya watu nyuma ya handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na wanawake walifunguliwa lango mchana kwa saa mbili tu, wateke maji na kuokota kuni.

Ijumaa moja Jedidah, mjane aliyepamba kanisa kila palipokuwa na harusi, aliomba kwenda mtoni kukata mayungiyungi yaliyoota kandokando ya maji. Mpwa wake Njoki angeolewa kesho yake na Kithaka, homgadi, yaani mlinzi wa kijiji aliyepewa bunduki na serikali. Kwa sababu hiyo ruhusa ilitoka upesi, pamoja na mlinzi: Kathuri, homgadi mwenzake bwana harusi.

Kathuri alibaki juu ukingoni na bunduki yake. Jedidah akateremka na panga. Maua yalikuwa yamejaa bondeni, meupe, yakimfika kiunoni. Alikata fungu la kwanza, akakata la pili. Alipoinamia la tatu aliona mguu.

Mwanamume alikuwa amelala chali kati ya mashina, nywele zimesokotana, paja limefungwa kitambaa kilicholoa damu. Aliweka kidole mdomoni.

Jedidah akasimama wima. Kumficha mpiganaji wa msituni kulikuwa kitanzi. Kumtaja kulikuwa risasi, papo hapo, mbele ya macho yake.

"Mama! Mbona umesimama?"

"Ni mgongo, mwanangu."

"Ngoja nishuke nikusaidie. Tutayakata yote."

Alikuwa ameshaanza kushuka, udongo ukiporomoka chini ya buti zake. Jedidah alizoa mafungu yake, akapanda kumkuta njiani, akamsukumia kifuani.

"Shika haya. Mengine yameliwa na wadudu."

"Lakini nayaona meupe kabisa."

"Wewe umepamba kanisa mara ngapi?"

Kathuri alitazama bondeni, akakawia. "Haya hayatoshi, mama. Kithaka atanilaumu mimi."

"Nitaongeza kahawa yangu ya hapo kijijini. Imechanua."

"Ukikata matawi utavuna nini?"

"Njoki ni mtoto wa dada yangu. Twende, lango litafungwa."

Walipanda kilima. Kila hatua alingoja kusikia kikohozi nyuma yake.

Asubuhi ya Jumamosi alikata matawi ya kahawa aliyopanda na marehemu mumewe, akayafunga kwenye kila benchi. Kanisa zima likanukia. Watu walimsifu, lakini hakuweza kuimba. Maharusi walipokuwa wakila kiapo, bunduki ililia upande wa mto, mara moja. Kathuri, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akamtazama. Jedidah akainamisha kichwa kama anayeomba.

Jumatatu alikwenda kuteka maji na wenzake, akajitenga nao kidogo. Mayungiyungi yalikuwa yamelala mahali pale, damu imekauka, na alama za mtu aliyejikokota zikielekea ng'ambo, msituni. Hapakuwa na nyayo za buti; risasi ya Jumamosi haikuwa yake.

Jedidah alikaa kwenye tope, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu Ijumaa.