Mwani wa Honor

Baada ya dhoruba, Honor aliokota mwani kwenye miamba ya Sidmouth, mwembamba kama nywele za mtoto mchanga. Akapekua vitabu vyake vyote, haumo. Alibakiwa na asubuhi moja tu ya kuuonyesha, maana profesa wa mimea aliyelala kwa kasisi angeondoka na gari la farasi saa sita mchana.

"Si umpelekee mwani wenyewe?" akauliza Lettice, mke wa kaka yake, akimbembeleza mwanawe begani.

"Ukikauka unavunjikavunjika, wifi. Lakini jua likiuchora, ataona kila unywele. Utaingia vitabuni."

Akaulaza juu ya karatasi aliyoipaka dawa ya chuma, ile inayoshika picha kwa jua, akaufunika kwa kioo, akavitoa nje uani. Jua la Devon lina maringo, ila siku hiyo lilikubali. Alipokuja kuubandua, mwani ulikuwa umeiva kwa joto, ukabaki vipande vipande kiooni.

"Haidhuru. Sasa ni kuosha tu."

Karatasi ilipoingia majini, buluu ikachomoza, na umbo la mwani likasimama katikati, jeupe pee.

"Wifi! Jua lenyewe limekuwa mtumishi wako!"

"Sema polepole, lisije likagoma."

Honor akapanda juu kubadilisha gauni. Lettice akaona maji ya beseni yamekuwa manjano, akataka kuisuuza karatasi tena, ing'ae zaidi. Pipa la kufulia lilikuwa na maji maangavu. Aliyatia mwenyewe jana, pamoja na magadi, ya kulowekea winda za mtoto. Lakini usiku kucha mtoto alikuwa akiota meno, na kichwa cha mama kilikuwa kizito; magadi akayasahau.

Akaichovya karatasi pipani, na buluu ikayeyuka mikononi mwake. Ikabaki karatasi ya manjano, kama iliyomwagikiwa chai.

Honor akashuka, kofia mkononi. Akachovya kidole pipani, akaonja.

"Magadi."

"Nilitaka ing'ae, wifi."

Hakufoka. Heri angefoka.

Honor akaichukua karatasi hivyo hivyo, akaenda nayo kwa kasisi. Profesa, mguu mmoja garini, akaigeuzageuza.

"Bibi Honor, hapa naona doa tu. Ukiupata tena, nijulishe."

Hadi leo, kila dhoruba ikipita na maji yakipwa, mawifi wawili huonekana miambani, sketi zimelowa, mtoto kiunoni mwa Lettice.

"Huu je, wifi?"

"Huo wa kawaida."

Lettice huurudisha majini taratibu, akainama tena.